Paka Aliyezaliwa Nje Si Lazima Aingie Ndani

Mtu akiniuliza kama amchukue yule paka wa nje akamfuge ndani, mimi huanza kwa kumuuliza: paka huyo aliwahi kuishi na watu?

Paka aliyepotea au kutupwa na paka aliyezaliwa nje bila kuguswa na mtu ni vigumu kuwatofautisha kwa macho. Wote wamekonda, wote wanatimua mbio ukisogea. Vuta subira. Aliyewahi kufugwa, ukimlisha siku kadhaa, huanza kukutazama usoni, mkia juu, analia nyau. Paka wazima ni nadra kuliliana nyau wao kwa wao. Sauti hiyo huitumia zaidi kwa watu. Shume halisi, yaani yule aliyezaliwa nje bila kuguswa na mtu, hana la kukuambia. Hula ukishaondoka, mara nyingi usiku.

Aliyepotea mchukue, ila ulizia kwanza kwa majirani, huenda ana mwenyewe. Na watoto wachanga wachukue bila kusita. Paka huwazoea watu kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 7 tangu kuzaliwa, na mtoto anayeshikwa na kubembelezwa wakati huo hukua akituona sisi ni wenzake. Baada ya hapo kazi huzidi kuwa ngumu kila wiki.

Kwa shume mzima, msimamo wangu ni kwamba tumwache alipo. Nimewahi kumwona mmoja aliyeingizwa ndani. Alikuwa amejibanza nyuma ya kabati, masikio yamelala, mboni zimetanuka hadi rangi ya jicho haionekani. Chakula kilikuwa kimekaukia kwenye sahani. Wenyeji walidhani amenuna na atazoea, nami nikamwona mnyama aliyeamini kwamba anakaribia kuuawa. Na woga huo unadhuru mwili. Paka akigoma kula siku chache tu, ini lake linaweza kujaa mafuta, ugonjwa unaoweza kumuua. Kibofu nacho huvimba kwa wasiwasi, na dume anaweza kuziba mkojo kabisa. Sijataja bado mkono wa atakayejaribu kumtoa pale: meno ya paka huzamisha vijidudu ndani kabisa ya nyama, na kama paka huyo hajachanjwa kuna hofu ya kichaa cha mbwa.

Najua jibu la wanaonipinga: nje kuna magari, mbwa na maradhi. Ni kweli, na inaniuma. Lakini hatari kubwa ya paka wa nje ni kuzaana bila kikomo. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na mimba yenyewe ni kama miezi 2. Basi huruma yetu ielekee huko. Anaswe kwa kizimba, apelekwe kwa daktari wa mifugo, afungwe uzazi na kuchanjwa, ncha ya sikio ikatwe akiwa bado usingizini iwe alama, ili asije akanaswa tena bure, kisha arudishwe palepale. Dume akihasiwa hupunguza kupigana na kuzurura. Lakini hataacha kuwinda, na mahali penye ndege walio hatarini kutoweka mimi nisingemrudisha.

Huko, au pale anapoishi panapobomolewa, kumhamisha hakuepukiki. Hata hivyo mtafutie ghala au banda lenye mtu wa kumlisha, si sebule. Mfungie humo wiki kadhaa kwanza apajue, la sivyo atatoroka akitafuta kwao.

Wapo wachache, hasa waliokwisha kuhasiwa na kulishwa miaka, ambao siku moja huingia wenyewe na kulala mlangoni. Huyo mpokee, usimfungie mlango nyuma yake, na usimshike mpaka yeye aje kujisugua miguuni mwako.