Majaketi kumi, boti sita

"Bwawani Mtera kuna nini cha kukagua? Kwani ile bahari?" Taja ukaguzi wa boti wa kujitolea mbele ya watu wa Dodoma mjini, utajibiwa hivyo, na anayejibu anatafuna perege wa Mtera.

Kinachoudhi zaidi kiko mwaloni kwenyewe, boti zinapoegeshwa. Siku ya ukaguzi majaketi okozi hutembea. Boti ya kwanza ikishapita, majaketi yanazungushwa nyuma ya vichanja vya samaki mpaka boti ya pili, yakiwa bado ndani ya nailoni ya dukani, na kufikia jioni majaketi kumi yamepasisha boti sita. Mwalo mzima unajua. Mkaguzi naye, tusidanganyane, anajua.

Mvuvi hafanyi hivyo kwa ujinga. Anamficha mwenye kitabu cha faini. Ndiyo maana tunahitaji mtu asiye na kitabu: fundi boti aliyestaafu, fundi injini, mwanachama wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), afundishwe kisha akague bure boti za biashara, za samaki na za kuvusha watu. Marekani wapo wa Coast Guard Auxiliary, kikosi cha watu wa kujitolea kilichoanzishwa 1939. Waliofuzu hupanda boti za uvuvi zikiwa gatini, hawatozi faini, wanamwachia nahodha orodha ya kasoro. Boti ikitimia, inabandikwa stika. Nahodha anamwonyesha mtu wa namna hiyo mahali panapovuja, kwa sababu nahodha hana cha kupoteza.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni chini ndani kabisa, yanakojikusanya maji. Ukaguzi wetu unaishia tezi na omo: namba ubavuni, leseni, kuhesabu majaketi, kwaheri. Ngamani hainami mtu. Wa kujitolea aanzie hapo hapo. Boti ivutwe nchi kavu, maji yatolewe yote, ngama ifutwe ikauke, kisha irudishwe majini bila mzigo kwa robo saa. Panapovuja patajitaja penyewe. Mara nyingi ni kwenye maungio: boti ikilala juani wiki mbili, mbao zinasinyaa na kalafati, pamba iliyopigiliwa kati ya mbao, inalegea. Mwenyewe anapigilia bati na lami kwa nje, anajiona fundi. Maji yananasa kati ya bati na ubao, ubao unaoza bila kuonekana. Dawa ni kung'oa kalafati ya zamani yote na kupigilia pamba mpya iliyolowekwa mafuta.

Kisha bisibisi. Ichomwe kwenye mkuku, uti wa chini wa boti, chini ya mataruma, mbavu zake, kuzunguka vichwa vya misumari yenye kutu. Ubao mzima unagoma. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mjadala umekwisha. Pasisahauliwe ubao wa nyuma unaobeba injini, maana ndio unaosahaulika kuliko yote. Injini ya nguvu farasi 15 inaning'inia pale kwa skurubu mbili za kubana, ikitikisika mchana na usiku. Ubao ukilainika, skurubu zinazama ndani na kulegea, na siku moja injini inaruka na kwenda chini, mtu wa usukani akiyumba nayo. Mnyororo mfupi wa kuifunga kwenye boti ungeiokoa. Hesabu mwenyewe ni boti ngapi zinao.

Na hayo majaketi. La mtu mzima lenye alama ya nyutoni 100 linatakiwa kuinua kilo 10 hivi ndani ya maji. Lifungwe jiwe la kilo 10, ambalo likizama linapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, liachwe penye kina cha kifua usiku kucha. Asubuhi likiwa chini, ulinunua godoro. Asiye na uwezo wa jaketi afunge dumu tupu la lita 20, kifuniko kikiwa kimekazwa, kwa kamba inayofunguka kwa mkono mmoja. Sheria haitalihesabu kama jaketi, ila linaelea.

Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hauwezi kutosha Mtera hata ukifanywa na malaika. Maji ya bwawa hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na chini yake kuna visiki vya miti iliyozamishwa. Kisiki ulichopita juu yake Mei, Novemba kinapasua ubao. Cheti cha Machi kinajua nini?

Kuhusu kujaza watu, kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018, kilikuwa na nafasi ya abiria 101 na waliokufa walizidi 220. Sina la kuongeza.

Haya, nakubali, shingo upande: wa kujitolea hana mamlaka ya kuzuia boti, hiyo ni kazi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na anaweza kulainishwa kwa perege wawili. Basi wakague wawili wawili, mmoja kutoka mwalo mwingine, na orodha ya kasoro isomwe kwa sauti mbele ya wale watakaopanda boti hiyo jioni.