Kesi Ikishinda, Nani Anafungua Mlango wa Gereza?

Mwaka 1961, katika mji wa Panama City, jimbo la Florida nchini Marekani, Clarence Gideon alisimama kizimbani akamwomba jaji ampatie wakili, maana hakuwa na fedha za kumlipa. Akajibiwa kwamba Florida humpa maskini wakili pale tu kosa linapobeba adhabu ya kifo. Yeye alishitakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool na kuiba. Akajitetea mwenyewe, akashindwa, akafungwa miaka mitano. Gerezani akachukua penseli na karatasi za gereza, akaiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani. Machi 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: anayeshitakiwa kwa kosa kubwa na hana uwezo wa kuweka wakili, apewe na serikali.

Ukiisoma habari hiyo peke yake, utaona mahakama ndiyo njia ya mkato ya kulinda haki za raia. Mimi naunga mkono kesi za namna hii, na naziunga mkono kwa moyo wote. Lakini kuna wanaozipinga kwa hoja za maana, na baadhi ya hoja hizo zina uzito kuliko sisi tunaozitetea tunavyopenda kukiri.

Hoja inayosikika zaidi ndiyo nyepesi kuliko zote: eti majaji hawakupigiwa kura, hivyo wasibatilishe sheria za bunge. Katika siasa za kawaida hoja hiyo ina mashiko. Katika haki jinai haina, kwa sababu mahabusu hana mtaji wa kura na hakuna mgombea anayepanda jukwaani kuahidi godoro kwa watuhumiwa. Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipofuta adhabu ya kifo, majaji walijua kwamba huenda wananchi wengi wanaitaka. Rais wa mahakama hiyo, Arthur Chaskalson, alieleza kwamba kama maoni ya wengi ndiyo yangeamua, kusingekuwa na haja ya mahakama kutafsiri katiba. Sijaona jibu la kutosha kwa hoja yake.

Hoja ya pili ndiyo inayouma. Inasema hukumu ni karatasi. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya India ilipokea shauri la mahabusu wa jimbo la Bihar, lililotokana na habari za gazeti kuhusu watu waliokaa rumande muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangepatikana na hatia. Mahakama ikasema kusikilizwa bila kucheleweshwa ni sehemu ya haki ya uhai na uhuru, na maelfu wakatoka. Familia zilizompokea baba aliyesahaulika hazikupokea karatasi. Hata hivyo, takwimu za serikali ya India za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba takriban robo tatu ya waliomo magerezani ni mahabusu. Jaji anaweza kuwafungulia lango waliomo leo. Hawezi kutunga bajeti ya wapelelezi, wala hayupo kituoni saa nane usiku askari anapoamua nani alale ndani.

Kenya nayo imeonyesha jinsi ushindi unavyoweza kusinyaa. Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, Mahakama ya Juu ilisema sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Wafungwa wakarudi mahakamani kuomba adhabu zao zitazamwe upya, na waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu wakafuata, na baadhi ya mahakama za chini zikawasikiliza. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu. Waliokuwa bado kwenye foleni kwa makosa mengine wakaona mlango umefungwa mbele yao.

Hapo ndipo najitenga na wanaosema basi kesi hazina maana. Tatizo mara nyingi huwa ni kile kilichoombwa mahakamani, na nani alibaki kufuatilia. Huko California, mashauri kuhusu matibabu ya wafungwa yalianza mwaka 1990, na hadi 2011 yalikuwa bado mikononi mwa mahakama. Mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikubali amri ya kupunguza idadi ya wafungwa hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza ya jimbo. Jaji Anthony Kennedy aliambatisha picha kwenye hukumu: mojawapo inaonyesha vizimba vyenye ukubwa wa kibanda cha simu, visivyo na choo, walimowekwa wafungwa wenye ugonjwa wa akili wakisubiri kitanda. Tofauti yake na hukumu nyingi ni ile namba. Tangazo kwamba haki imevunjwa halimbani mkuu wa gereza kesho asubuhi. Idadi, tarehe na jaji anayedai taarifa humbana.

Hoja ya tatu haisemwi sana nasi, kwa kuwa inatutisha: kesi hupotea, na ikipotea juu kabisa huacha sheria mbaya ikiwa imara kuliko ulivyoikuta. Gideon mwenyewe ilibidi avuke ukuta wa hukumu ya 1942 iliyokuwa imemnyima maskini mwingine haki hiyohiyo. Ukuta huo ulisimama miaka 21.

Tanzania inaujua uchungu huu. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alisema adhabu ya kifo ni kinyume na katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inatweza utu, kisha ikasema Ibara ya 30 ya katiba inairuhusu. Mwaka 2020 ikawa zamu ya dhamana. Kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichokuwa na namba 148(5) mwaka huo, huyataja makosa yasiyo na dhamana, likiwemo utakatishaji fedha. Anayeshitakiwa kwa kosa kama hilo husomewa shitaka na kuambiwa hatakiwi kujibu lolote, upande wa mashitaka husema upelelezi haujakamilika, na shauri huahirishwa. Wiki mbili baadaye ni hivyohivyo. Mei mwaka huo Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho, na Agosti Mahakama ya Rufani ikakirejesha.

Mwaka huohuo Bunge likabadili sheria: ikawa sharti anayefungua shauri la haki za msingi aape kwamba yeye binafsi ameathirika. Hili nalipinga waziwazi. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu mtu kumfungulia shauri asiyeweza kujifungulia, tena bila ada, na huo ndio mpango wa busara. Aliyeathirika zaidi na kunyimwa dhamana ndiye aliye ndani, hana simu wala nauli ya wakili, na pengine anamwogopa askari anayempelekea chakula.

Hata hivyo sisemi kila kilichoshindwa kilipotea. Majaji wa Afrika Kusini, miezi minne hivi tu baada ya uamuzi wa Tanzania, waliyajadili mawazo hayo ya Tanzania kabla ya kufuta adhabu ya kifo kwao.

Linabaki suala la mteja. Wakili wa haki za raia hupanga mkakati wa miaka kumi, ilhali mteja anataka kurudi nyumbani Ijumaa. Serikali ikinusa kwamba itashindwa, huweza kumfutia mashitaka, na pengine shauri kubwa likafia hapo. Je, wakili amshawishi akatae kwa ajili ya wengine? Kwangu jibu ni hapana, hata kama tutaanza upya na mtu mwingine. Kutetea uhuru kwa kumtumia mtu kama ngazi ni kukiuka kilekile tunachokidai.

Gideon hakukubali kuwa ngazi ya mtu. Kesi yake iliposikilizwa upya Agosti 1963, mawakili wa shirika kubwa la haki za raia walikuja kumtetea, akawakataa. Akamtaka wakili wa palepale mjini, Fred Turner, aliyewajua watu wa mji ule na aliyekwenda kuwahoji kabla ya siku ya kesi. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa yuleyule wa mwanzo, ila safari hii alikuwepo mtu aliyejua cha kumuuliza. Wazee wa baraza walitoka kujadiliana, wakarudi baada ya saa moja hivi na kusema hana hatia.