Msimulizi naye ahakikiwe

Makala yenu ya uhakiki inazisifu filamu mpya kwa kuwa na maelezo ya sauti, yaani msimulizi anayewaeleza wasioona yanayoonekana kwenye skrini, na mimi nisiyeona nimefurahi kusoma hivyo. Lakini kuwepo kwa maelezo ni jambo moja, ubora wake ni jingine, na huo ubora wahakiki hawaugusi. Netflix, jukwaa la kutazama filamu mtandaoni, ilianza huduma hii mwaka 2015 kwa tamthilia ya Daredevil, ambayo shujaa wake ni kipofu. Muda umepita wa kutosha kuanza kudai kazi nzuri.

Msimulizi hodari hupenya kati ya mazungumzo, akasema kilichotokea, akanyamaza. Haniambii mama "amehuzunika". Ananiambia ameikunja barua na kuitia mfukoni bila kuisoma. Huzuni nitaipata mwenyewe. Asiye hodari hunitajia muuaji kabla hajafunua uso, au huongea wakati muziki unapaswa kusikika.

Chukueni Oppenheimer, filamu ya 2023 kuhusu utengenezaji wa bomu la atomiki. Bomu la majaribio linapolipuka jangwani, kishindo kinachelewa, na zinasikika pumzi tu. Msimulizi akinyamaza kabisa, sijui kama limelipuka. Akiongea mfululizo, ule ukimya uliowashika wenzangu ukumbini mimi siupati. Maneno machache yaliyopimwa hapo yana thamani kuliko ukurasa mzima wa sifa za mavazi.

Na sauti za kompyuta zinazosoma maelezo badala ya mtu je? Zinasoma busu na kisu kwa mdundo ule ule, na kwa filamu ya hisia hilo halivumiliki.

Naomba tahakiki zijazo zimtaje aliyeandika maelezo, kama anavyotajwa mpiga picha.