Nimetoa Ufunguo, Gari Limekataa Kuzima

Mwenye pikapu ya dizeli haanzi kuugua siku gari linapoharibika. Anaanza siku anapopitwa mlimani na lori la taka. Mimi nilipitwa, tena lori lenyewe limejaa, na dereva wake akanipungia mkono kwa huruma. Pembeni yangu alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli lakini ana utaalamu wa hali ya juu katika magari ya watu. Akalitazama lile lori likipotelea kwenye kona, akasema, "Shemeji, gari hili halina ubovu wowote. Halipumui tu."

Maneno hayo yamenigharimu klachi, mashuka ya jirani na ubao wa jikoni.

Kinadharia hakuwa mbali na ukweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Inavuta hewa, inaibana ndani ya silinda mpaka joto lipite nyuzi 500, halafu nozeli inapuliza dizeli humo ndani nayo inajiwakia yenyewe. Ukitaka nguvu zaidi, choma dizeli zaidi. Ukitaka kuchoma dizeli zaidi, tafuta hewa ya kuichomea. Kuleta hewa ndiyo kazi ya tabo: moshi unaotoka unazungusha feni moja, feni hiyo imeunganishwa kwa shafti na feni nyingine upande wa pili, na ile ya pili inasukumia hewa kwenye injini. Kitu hicho kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachokizuia kisijisage ni utando mwembamba wa oili. Hilo la oili lishike vizuri, maana kuna mtu hakulishika.

Tukaenda kwa fundi. Fundi wangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache hutoka akiwa chini ya gari, kwa hiyo mara nyingi unajibizana na viatu.

"Bosi," vikasema viatu, "ukiweka nozeli kubwa bila kuongeza hewa, utapata moshi mweusi. Ukiweka tabo kubwa bila kuongeza dizeli, utapata filimbi. Ukiweka vyote viwili, utapata klachi mpya."

Nikafurahi. "Kumbe klachi inakuja pamoja na nozeli?"

Kimya kidogo. "Inakuja yenyewe."

Akatoka chini, akajifuta mikono, akatutajia yanayotakiwa: geji ya kupima joto la moshi, kwa sababu dizeli ikizidi hewa moshi unachemka mpaka pistoni zinaanza kuyeyuka, intakula kubwa zaidi ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, mipira na klipu imara, kompyuta ya gari ipangwe upya, klachi nzito. Nikachagua tabo, nozeli na kompyuta. Shemeji alinishauri kwamba klachi ni kitu kisichoonekana wala kusikika, na pesa haiwekwi mahali watu hawatauliza.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa heshima, isipokuwa pale shemeji alipopewa shughuli. Nozeli za kisasa zina msimbo ulioandikwa kichwani, herufi na tarakimu, kila nozeli na wake. Msimbo huo unaieleza kompyuta tabia ya nozeli hiyo, ili ijue kuipimia dizeli. Shemeji akapewa karatasi anakili. Kwenye mwandiko wake B na 8 ni ndugu wa tumbo moja. Gari lilipowashwa likatoa mlio wa kugonga, linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikageuka kututazama. Fundi akazima, akaipokea karatasi kwa ncha mbili za vidole, akaenda kunakili upya mwenyewe.

Kisha akampa kazi nyingine ambayo, kwa hesabu zake, mtu hawezi kuiharibu: kufunga bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo kwenda chini kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Bomba fupi, bolti mbili, gasketi ya kuziba maungio imo ndani ya boksi. Shemeji akaitazama ile gasketi, akaona ni nyembamba mno kwa gari la heshima hii, akachukua tyubu ya silikoni, ile gundi ya kuzibia. Mimi nilikuwa nimesimama jirani, na nilichosema ni "usibanie, shemeji," maneno ya kawaida ambayo mtu yeyote angeyasema akimwona mwenzake kazini. Hakubania. Tyubu ilitoka pale imekunjwa mpaka shingoni.

Fundi yeye alikuwa juu, anaijaza tabo oili kwa mkono kabla ya kuwasha, halafu anapiga stata injini bila kuiruhusu kuwaka, ili oili ifike kwanza. Mtu makini sana. Ndiyo maana hakuangalia chini.

Jioni ile nikalileta gari nyumbani na kukanyaga mafuta kidogo tu getini, kwa ajili ya salamu. Tabo ikapiga mluzi mtamu, halafu nyuma likatoka wingu jeusi, likapanda, likasita juu ya ukuta, likashuka upande wa pili. Upande wa pili ni kwa jirani. Jirani alikuwa ameanika mashuka.

Akatokea nayo mkononi. "Baba, haya yalikuwa meupe."

"Ni kaboni tu, mama," shemeji akamtuliza, "haina neno."

"Kama haina neno, lalia wewe." Akamtupia.

Kesho yake tukaenda kwenye ule mlima. Nilitaka kulijaribu gari. Shemeji alitaka kulikuta lori la taka. Nalo tukalikuta, lipo mbele, linapanda polepole kwa utulivu wake. Nikakanyaga. Niseme ukweli, kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwingine. Mgongo ulibanwa kwenye kiti, mluzi umejaa kabini, shemeji anapiga dashibodi makofi, lori linasogea, tunaliona tairi la nyuma, tunaona mlango wa dereva, tunaona kiwiko chake.

PAA!

"Tumepigwa risasi!" Shemeji akajikunja miguuni kwake, na kwa mwili wake ule sikujua kama pale panaingilika. Gari likakata nguvu zote. Nyuma moshi mweusi, mbele lori linakwenda zake, dirishani mkono unapunga.

Ilikuwa ni mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye tabo kwenda intakula. Mpira wa zamani na klipu ya zamani vilikuwa vimezoea upepo wa zamani. Presha mpya ikauchomoa wote. Hewa ikawa inaishia njiani huku nozeli zinaendelea kumwaga, na ndiyo maana ya ule moshi. Nilimweleza shemeji hayo yote. Akakataa kuinuka mpaka nimhakikishie kwamba aliyefyatua ameondoka.

Tukaurudisha mpira, tukaubana kwa waya. Gari likanguruma vizuri. Ila sasa nikikanyaga, injini inapanda mpaka inalia, na mwendo ni ule ule. Harufu ikaanza, kali, ya kitu kilichoungua ambacho si cha bei ndogo. Klachi. Nguvu zilikuwepo, zilikuwa zinafika hadi kwenye klachi na kuishia hapo, zinasuguana na kupiga soga. Mama mmoja mwenye kikapu alitupita kwa miguu, akatuamkia.

Wakati mwingine namfikiria Rudolf Diesel mwenyewe, aliyebuni injini hii. Mwaka 1913 alipanda meli kwenda Uingereza, akala chakula cha jioni, akaenda kulala, na asubuhi hakuonekana; mwili wake ulikutwa baharini baadaye. Watu wamebishana miaka zaidi ya mia kuhusu kilichomsibu. Mimi ninadhani kuna abiria alimfuata akamuuliza kuhusu nozeli kubwa.

Fundi akaja nyumbani kuitazama ile klachi. Kabla hajafungua kisanduku cha spana, akainama kwenye bomba la moshi, akapitisha kidole, akanusa. "Linatoa moshi wa bluu?"

"Asubuhi kidogo," nikasema.

"Bluu ni oili. Msiliwashe hili."

Kama angeishia kunena nami mambo yangekuwa mengine. Lakini shemeji alikuwa ameshakaa kwenye usukani, dirisha limefungwa, na kwa nia njema kabisa alitaka fundi asikie ule mluzi. Akawasha. Akakanyaga. Akaachia.

Injini haikuachia.

Ikapanda. Shemeji akanyanyua miguu yote miwili, akatuonyesha kupitia kioo kwamba hakanyagi kitu, na injini bado inapanda. Moshi wa bluu ukajaa uani mpaka kuku wa jirani wakaanza kujadiliana. Nikakimbia, nikafungua mlango, nikazungusha ufunguo, nikauchomoa. Ufunguo upo mkononi. Gari linazidi kupiga kelele. Nikautazama ufunguo, nikalitazama gari, nikaurudisha, nikauchomoa tena, safari hii kwa ukali.

"Umezima?" fundi akapiga kelele.

"Nimezima!"

"Mbona halijazima?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe!"

Inakuwa hivi. Ufunguo unakata dizeli, na gari halikuwa linakula dizeli. Lilikuwa linakula oili yake lenyewe. Oili ilikuwa inaingia kwenye tabo kwa presha, na njia ya kurudi chini imezibwa na silikoni ya mtu asiyebania. Ikapenya kwenye sili za tabo zinazoizuia isivuje, ikajikusanya kwenye intakula, na shemeji alipokanyaga ikanyonywa yote kwenda kwenye silinda. Injini ya dizeli haichagui. Kinachoungua, inachoma. Na kadiri inavyokimbia ndivyo tabo inavyozidi kuilisha, mpaka oili iishe au vyuma vitoke nje.

"Weka gia ya tano!" fundi akaniamuru. "Kanyaga breki yote, achia klachi! Itakufa!"

Ushauri sahihi kabisa. Ndivyo inavyofanywa. Nikamsukuma shemeji upande wa pili, nikaweka gia ya tano, nikasimama juu ya breki kwa miguu na dua, nikaachia klachi kwa ghafla. Gari likatikisika mara moja, klachi ikateleza, harufu ile ikarudi, na injini ikaendelea na safari yake. Kitu pekee kilichokuwa kimebaki cha kuizima ndicho nilichoshauriwa kutokinunua.

Shemeji akashuka mbio, akapita getini bila kuaga.

Fundi naye akachomoa mpira unaotoka kwenye chujio la hewa, mdomo wa tabo ukabaki wazi unavuta kwa sauti ya kutisha. Akageuka huku na huku. "Ubao! Nipeni kitu bapa, kigumu! Mtu asilete mkono hapa, wala kitambaa!" Kitambaa kingemezwa, na mkono nao usingepona.

Wakati huo huo mke wangu akatoka jikoni kuuliza ni kelele gani. Alikuwa anakata vitunguu, na ubao ameushika bado. Fundi hakuomba. Aliunyakua, vitunguu vikaruka, akaubandika kwenye mdomo wa tabo kwa mikono yote miwili. Ubao ukanyonywa ukaganda. Injini ikakohoa, ikashuka, ikafa.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata jirani akachungulia juu ya ukuta kutuhesabu.

Fundi akalala chini ya gari. Baada ya muda akatoka na lile bomba la kurudisha oili, akachokoa kwa bisibisi, na ikatoka silikoni nzima, imekauka, ina umbo kamili la bomba. Akanikabidhi bila neno. Pistoni zilipona, sijui kwa huruma ya nani. Intakula ilimwagwa oili na kusafishwa, sili za tabo zikabadilishwa, mipira na klipu nazo, na klachi, kama alivyosema, ilikuja yenyewe.

Shemeji alirudi usiku. Alisema alikwenda kutafuta msaada.

Ubao haukurudi jikoni. Ulibaki na alama ya duara katikati, imezama kwenye mbao, na fundi akauomba autundike gereji karibu na spana zake, akisema hajawahi kupata kifaa kinachokaa vizuri hivyo. Nikamwambia mke wangu kwamba nitamnunulia mwingine.

"Nunua miwili," akasema. "Wangu, na wa kaka. Popote atakapopanda gari, abebe."