Ukoka Ung'olewe, Mlonge Uingie?

Wanaotaka ukoka wa mbele ya nyumba ung'olewe, ipandwe mimea ya kudumu inayoliwa, wana usemi wao: panda mara moja, uvune miaka. Si uongo. Mlonge ukikatwa usawa wa kiuno huchipua upya, majani yakabaki karibu na mkono. Mgomba ukishazaa hukatwa, machipukizi yake yakashika zamu. Ukoka nao hunyweshwa na kufyekwa mwaka mzima, na haulishi mtu.

Ila hiyo "mara moja" ina mkia mrefu. Mparachichi wa mbegu unaweza kukusubirisha miaka mitano au zaidi. Uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti unaozaa, huanza mapema, mwaka wa tatu au wa nne. Na ukoka haufukuziki kirahisi: kipande chenye pingili moja tu kikisahaulika chini ya matandazo, kitatoboa. Miaka miwili ya mwanzo ni palizi juu ya palizi.

Wapinzani wengi hushika suala la sura. Miami Shores, jimboni Florida, wanandoa waliolima mboga mbele ya nyumba yao kwa miaka 17 walizing'oa mwaka 2013, mji ulipopiga marufuku mboga upande huo na kuwatishia faini ya dola 50 kwa siku. Mahakamani walishindwa, sheria ya jimbo ya mwaka 2019 ndiyo iliyowarudishia ruhusa. Mimi hoja hii hainiingii. Rozimeri iliyopogolewa vizuri inapendeza kuliko ukoka uliobabuka kwa jua.

Hoja nzito ni udongo, nayo ndiyo isiyopigiwa kelele. Uwanja wa mbele ndio jirani wa barabara. Petroli yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, iliuzwa kwa miongo mingi, hadi Aljeria, nchi ya mwisho, ilipoiacha mwaka 2021. Na risasi ikishaingia ardhini haiozi. Rangi ya zamani inayobanduka ukutani huongeza yake. Mboga za majani na za mizizi ndizo za kuogopewa zaidi, kwa sababu ya vumbi na udongo unaozigandia. Matunda ya juu mtini hubeba kidogo sana.

Kwa hiyo ningepima udongo kwanza. Penye shaka, miti ya matunda ikae mbele, mbali na msingi wa nyumba na mabomba, mchaichai uingie kwenye tuta lililoinuliwa kwa udongo wa kuletwa. Mlonge, kwa kuwa huliwa majani, ningeupeleka uani.