Moja kwa Tisa

Maboga yangu ya uani yaliota mvi mwezi wa sita, masika yameshakatika na Morogoro imeanza ule ubaridi wake wa usiku. Kwanza jani moja la chini, vidoa vyeupe vya mviringo; ukipitisha kidole unabaki na unga kama umetoka kusukuma chapati. Baada ya siku chache shamba zima jeupe. Mke wangu akauliza ni nani anayemwaga unga wa ngano huku nyuma na bei ilivyo. Ungekuwa wa ngano ningeuzoa.

Ulikuwa ubwiri unga. Huo ni ukungu wenye kiburi: wenzake wengi hungoja jani lilowe ndipo waote, huu jani kavu linautosha, mradi hewa ina unyevunyevu na kivuli kipo. Kivuli nilikuwa nacho cha kumwaga, cha ukuta wa jirani mwenye bodaboda, ambao maboga yalikuwa yameshaupanda na kuanza kuchungulia kwake.

Nyumba ya wapangaji haikosi waganga. Mama wa vitumbua alisema majivu. Fundi cherehani alisema mwarobaini, uloweke usiku kucha. Mwingine akaleta vitunguu saumu vilivyotwangwa na pilipili kichaa. Dawa hiyo iliniliza mimi, ikatimua vidukari, ubwiri ukabaki umestarehe. Mzee wa chumba cha mbele, mtu wa pwani, alikuja na mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, kwenye karatasi, akataka nichanganye na chokaa. Yeye angalau alikuwa na historia upande wake. Kule Bordeaux, Ufaransa, wakulima walikuwa wakirashia mizabibu ya kando ya barabara dawa za shaba zenye rangi ya kutisha, ili wapita njia wasidokoe zabibu. Profesa mmoja, Millardet, akaona kuwa mizabibu hiyo hiyo ndiyo haiugui ubwiri wa kule kwao (ubwiri vinyoya, si huu wangu), akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ambao mpaka leo unapulizwa mashambani. Wezi wa zabibu hawajashukuriwa ipasavyo.

"Mzee wangu," mke wangu akasema kwa heshima zote, "hayo majani tunayaunga na nazi. Shaba sijawahi kuipika."

Mzee akakunja karatasi yake.

Aliyetuokoa, au kutuponza, ni kijana wa chumba cha pembeni anayesoma kilimo. Akasema Brazil kuna mtafiti aitwaye Bettiol, mwaka 1999 alichapisha majaribio ya kupulizia maziwa ya ng'ombe kwenye jamii hiyo hiyo ya maboga, na ubwiri ukapungua sana. Sehemu moja maziwa, tisa maji, na jua liyapige majani baada ya hapo. Maziwa yakigoma, kuna soda ya kupikia: kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji na tone la sabuni ili dawa ishike jani, upulize jioni, na usizidishe maana inaunguza.

"Kwa hiyo," mke wangu akasema, "watoto chai ya rangi, maboga chai ya maziwa."

Nilianza alfajiri, nikitoka msikitini, ili jua likichomoza liyakute majani tayari. Chupa ya kupulizia ikaziba kwa malai papo hapo. Nikavunja kitawi cha mrehani, nikawa nachovya kwenye ndoo na kurashia. Naomba uione picha kama alivyoiona jirani kutoka dirishani kwake: mtu mzima ndani ya kanzu nyeupe, miguu peku kwa sababu ya umande, anazunguka gizani na tawi la mrehani, anarusha maziwa kuelekea ukutani kwake, huku ananong'ona ili asisahau vipimo, "Moja kwa tisa, moja kwa tisa, moja kwa tisa."

Asubuhi hiyo bodaboda yake ikakataa kuwaka.

Saa kumi jioni mjumbe alikuwa uani kwetu, nyuma yake nusu ya mtaa. Paka nao walihudhuria. Walikuwa wamenusa maziwa tangu mchana na sasa wamejipanga chini ya maboga wakilamba majani kwa utaratibu kabisa, jambo ambalo halikunisaidia.

"Shikamoo mjumbe."

"Marahaba. Mwanangu, umeonekana."

"Ilikuwa dawa tu, mjumbe. Ya fangasi."

Watu wakarudi nyuma hatua moja. "Nani ana fangasi?"

"Maboga."

Nikaeleza Brazil, nikaeleza 1999. Kijana wa kilimo, shahidi wangu pekee, alikuwa chuoni. Mjumbe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza fimbo kwenye ndoo iliyokuwa imeshinda juani. "Kama ni maziwa na maji, kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa yameshachacha, hilo nililitegemea. Nisilolijua ni kwamba mke wangu, kwa kubana matumizi, alikuwa ameshakoroga ile dawa ya soda na sabuni kwenye kikombe akisubiri jioni, na aliponiona nimesimama nimekunja uso, akanipa kikombe hicho nisukumie, akidhani ni cha maji. Kuna kitu wapika vitumbua wanakijua: soda ikikutana na maziwa yaliyochacha, hewa inatoka na unga unaumuka. Safari hii unga ulikuwa mimi.

Mbweu wa kwanza ulinitoka kabla sijarudisha kikombe. Wa pili ulitoka tumboni chini kabisa, mrefu, wenye sauti isiyo yangu, na povu la sabuni likafuata pembeni mwa mdomo.

"Wamepanda!" Mama wa vitumbua akapiga kelele. "Muulizeni wanataka nini!"

Mtu akaleta ubani. Nilijaribu kusema "soda", ikatoka mbweu nyingine, na jirani akapiga magoti palepale akiomba radhi kwa ajili ya pikipiki.

Kesho yake pikipiki ikawaka. Fundi alikuta plagi imelowa mafuta, akaisafisha. Hakuna aliyetaka kusikia habari za plagi. Jirani alileta kuku mweupe. Majani yaliyokwisha kuugua hayakupona, nikayachuma na kuyachoma, ila machipukizi mapya yalitoka masafi, nayo tuliyaunga pamoja na kuku huyo.

Mjumbe alirudi siku nyingine usiku, peke yake, bila fimbo. Alisifia maboga kidogo, akakohoa, akavuta kigoda karibu.

"Hii moja kwa tisa," akanong'ona, "ni ya maboga tu? Maana nafikiria kugombea uenyekiti wa mtaa."

Nikamwambia apulizie asubuhi, na ahakikishe jua linapiga.