Lilikuwa jagi, si ndoo

Kwanza tusahihishe: lilikuwa jagi. Yule rafiki yangu ameshawatangazia kwamba nilimwagia friza ndoo ya maji mbele ya bosi. Muongo. Jagi, tena halikujaa.

Dogo wa kazini aliniletea mabadiliko ya draiva ya kihisi joto, yaani programu ndogo inayokisoma kihisi, niyakague. Kihisi chenyewe ni TMP102, kidude cha milimita 1.6 kila upande. Na mimi nikipewa kukagua, nakagua! Nikamwachia maoni 19. Nafasi imezidi hapa, mstari mrefu pale, jina hili halinikai. La mwisho, nalinukuu huku uso umenishuka: "Mbona namba yenye ishara ya chanya au hasi? Weka isiyo na ishara, ni safi zaidi." Nikapachika na kikatuni kilichovaa miwani ya jua.

Dogo akauliza kwa adabu, "Una uhakika, kaka?"

"Soma karatasi ya maelezo ya kihisi, mdogo wangu."

(Mimi sikuwa nimeisoma. Mnacheka nini? Nani kati yenu huwa anaisoma?)

Akabadilisha, nikaidhinisha. Mezani kikasoma 24, 25, tukapongezana.

Ikafika siku ya jaribio la baridi. Kihisi ndani ya friza, waya umechungulia mlangoni, watu wamesimama nyuma yangu. Nimekunja mikono kifuani. 12. 7. 3. Nikageuka kidogo ili bosi anione vizuri. 1. 0.

255.

Hakuna aliyepumua. Mimi, mkaguzi mkuu, nikapiga kelele: "Friza inaungua!" Nikang'oa plagi. Nikanyakua jagi la maji mezani, nikaimiminia friza mgongoni. Na jamani, naomba mnielewe hapa: namba ikaanza kushuka! 251. 247. "Mnaona? Inasaidia! Ongezeni maji!" 243. Nikawa naisomea namba kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. 240. Ikatulia kwenye 238. Jasho linanitoka, viatu vimelowa.

Dogo akafungua mlango taratibu. Mvuke wa baridi ukatoka. Akaingiza mkono, akautoa na kipande cha barafu, akakishika tu, hakusema neno.

Kwa wasiojua: kihisi hiki hutoa biti 12, kila hatua nyuzi 0.0625. Nyuzi 18 chini ya sifuri ni hatua 288 za hasi. Ukiinyang'anya programu ishara, inahesabu 4096 (idadi ya namba zinazoingia kwenye biti 12) kutoa 288, inapata 3808, ambayo ni nyuzi 238 kamili. Kwa hiyo namba ilikuwa inashuka kwa sababu kihisi kilizidi kupoa. Maji yangu hayakuhusika. Na kwa nyuzi 238 hata lehemu iliyokishika ingekuwa imeshayeyuka, na karatasi ile ile ya maelezo inasema kikomo chake ni 125.

Bosi akauliza nani aliondoa ishara. Dogo, Mungu ambariki, akasema hakumbuki. Rafiki yenu ndiye aliyefungua maoni yangu kwenye skrini kubwa. Bosi akayasoma yote kwa sauti, akafika mwisho, akauliza: "Na hiki chenye miwani ni nani?"

Nikadeki. Friza imepona. Tumeweka na jaribio la namba hasi.

Marekebisho nimeyaandika mimi, dogo ndiye kayakagua. Kaacha maoni mamoja tu: "Una uhakika, kaka?" Na kikatuni cha miwani.